Tumbo Linaponyamaza

Mwezi Mei 1956, miezi michache baada ya kuugua moyo, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alifanyiwa uchunguzi wa jumla wa afya. Picha za eksirei zilionyesha kwamba sehemu ya mwisho ya utumbo wake mwembamba ilikuwa imeugua kwa muda mrefu na njia yake imesinyaa. Kwa miaka mingi alikuwa akisumbuliwa na tumbo la kuja na kuondoka, bila jibu la kuridhisha. Siku zile za Mei hakuwa na maumivu ya kutisha, kwa hiyo haikuonekana haja ya kuharakisha lolote. Wiki nne baadaye, usiku wa kuamkia Juni 8, tumbo lilimkaza na utumbo ukaziba. Kabla hakujapambazuka Juni 9, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington, madaktari walimpasua. Kipande kilichougua hawakukikata. Walikiruka, wakaunganisha utumbo mwembamba ulio juu yake na utumbo mpana ili chakula kipate pa kupita. Novemba mwaka uleule alichaguliwa tena kuwa rais. Habari hii husimuliwa kama kisa cha mzee shupavu aliyerudi kazini, na kweli alirudi. Kinachotuhusu hapa ni zile wiki nne kati ya picha na kuziba kwa utumbo, ambapo ugonjwa ulikuwa umeshaonekana kwa macho na mwenye tumbo alikuwa akiendelea na shughuli zake.

Nasema katika sura hii kwamba ugonjwa wa Crohn, ule uliompata Eisenhower, hushindwa au hushinda katika miezi ya nafuu. Mgonjwa ambaye wengi wetu tunamjua hufuata mwendo tofauti: tumbo likikoroga anakwenda hospitali, anameza dawa, maumivu yanapoa, dawa zinawekwa kabatini na tarehe ya kliniki inapita hivihivi kwa sababu nauli ni ghali na mtu mzima haendi kwa daktari. Mwendo huo una mantiki kwa malaria na kwa mafua. Kwa Crohn una madhara, na sababu yake inaanzia kwenye namna utumbo wenyewe ulivyoumbwa.

Jina la ugonjwa linatoka kwa Burrill Crohn wa hospitali ya Mount Sinai, New York. Mwaka 1932, pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, alichapisha maelezo ya wagonjwa 14 waliokuwa na vidonda na makovu kwenye kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba. Majina yao yalipangwa kwa alfabeti, ndiyo maana yeye amebaki vitabuni na wenzake wamesahaulika. Daktari mpasuaji Kennedy Dalziel wa Glasgow, aliyekwisha kueleza wagonjwa wa aina hiyo mwaka 1913, hukumbukwa na wanahistoria tu. Wale watatu walidhani ugonjwa unaishi mahali pale pamoja. Leo tunajua unaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, tena kwa kurukaruka: kipande kimeugua, kinachofuata ni kizima, cha mbele yake kimeugua tena. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hushambulia ukuta wa utumbo na haikomi. Kwa nini inaanza, hakuna jibu moja. Kuna urithi: mwaka 2001 watafiti walitambua jeni iitwayo NOD2, ambayo mabadiliko yake huongeza uwezekano wa kuugua, ingawa watu wengi wenye mabadiliko hayo hawaugui kamwe. Kuna mabilioni ya bakteria wanaoishi tumboni, ambao mwili wa mgonjwa huonekana kushindwa kuelewana nao. Kuna sigara, ambayo huongeza hatari ya kuupata na kuuzidisha kwa aliye nao. Uchawi haumo, dhambi haimo, na hakuna aliyeupata kwa kula pamoja na mgonjwa.

Jambo la kushika ni unene wa eneo linaloshambuliwa. Yapo magonjwa ya utumbo yanayobaki kwenye ngozi laini ya ndani. Crohn hupenya tabaka zote za ukuta, kutoka ndani hadi nje. Ukuta unaovimba na kupoa, kuvimba na kupoa, hatimaye hujenga kovu, na kovu hubana njia. Ndiyo mbano unaoziba utumbo. Penginepo kidonda huchimba mpaka kikatokeza upande wa pili, kikaacha jipu tumboni, au kikafungua njia mpya isiyostahili kuwapo: fistula kati ya utumbo na utumbo, utumbo na kibofu, utumbo na ngozi ya pembeni mwa njia ya haja kubwa. Uvimbe ulio mbichi unaweza kutulizwa na dawa, lakini kovu likishakomaa hakuna kidonge kinachoweza kulilainisha likarudi kuwa utumbo. Hapo kazi ni ya kisu, au ya kupanua njia kwa puto.

Na sasa maumivu. Mtu angetegemea kwamba kidonda kirefu tumboni kitauma, kama kinavyouma kidonda cha mguuni. Haiko hivyo. Ukuta wa ndani wa utumbo hausikii kukatwa: daktari akiingiza kipimo cha kamera na kunyofoa vipande vidogo vya nyama kwa ajili ya maabara, mgonjwa aliye macho hahisi mnyofoo wenyewe. Kinachouma tumboni zaidi ni kutanuka na kuvutwa, yaani gesi iliyokwama au chakula kinachosukumwa kwenye tundu dogo. Kwa hiyo mtu anaweza kutembea na vidonda vingi asivijue, hasa vikiwa kwenye utumbo mwembamba, mbali na mlango, ambapo hata choo chake huweza kuwa cha kawaida. Huu ni moto wa pumba: juu majivu, chini makaa yanatembea.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka kwa kundi la Paul Rutgeerts, mjini Leuven, Ubelgiji, mwaka 1990. Waliwafuatilia wagonjwa waliokatwa kipande kilichougua na utumbo mzima ukaunganishwa na mzima. Hawa walianza upya, bila kidonda. Baada ya mwaka mmoja kamera ilipopitishwa kwenye maungio, asilimia 73 walikuwa wameota vidonda tena, na waliokuwa wanaumwa walikuwa asilimia 20 tu. Yaani katika kila watu wanne, karibu watatu walikuwa na ugonjwa uliorudi, na mmoja tu, pengine asifike, ndiye aliyekuwa na la kumwambia daktari. Tena wale ambao vidonda vyao vilikuwa vikubwa wakati tumbo limenyamaza ndio waliokuja kuugua vibaya miaka iliyofuata. Nusu ya mjadala wa sura hii ingeweza kufungwa kwa utafiti huo peke yake.

Lakini kuna mwingine unaousukuma zaidi. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya jaribio lililoitwa SONIC, la wagonjwa 508, lililolinganisha dawa mbili za kushusha kinga: azathioprini peke yake, infliksimabu ya sindano peke yake, na zote mbili kwa pamoja. Baada ya wiki 26, waliokuwa na nafuu bila kutegemea steroidi walikuwa asilimia 30 kwa azathioprini peke yake, 44 kwa infliksimabu, na 57 kwa waliopewa zote mbili. Baadaye wachambuzi waliwarudia wale waliohesabiwa kuwa na nafuu kwa kufuata dalili, wakaangalia kamera na vipimo vya damu vinasema nini. Karibu nusu yao walikuwa bado wana vidonda au alama za uvimbe kwenye damu. Maswali kuhusu choo, maumivu na hali ya jumla, yaliyotungwa na wataalamu na kujibiwa kwa uaminifu, yalikosea kwa karibu nusu ya watu. Mgonjwa anayejiuliza maswali hayohayo nyumbani kwake hawezi kujitegemea zaidi ya hapo.

Prednisoloni, mojawapo ya steroidi, inastahili kuzungumzwa peke yake, kwa kuwa ndiyo dawa inayodanganya kwa ustadi. Ni ya bei nafuu, iko kila duka la dawa, na ndani ya siku chache mgonjwa aliyekuwa amelala anaamka na kuomba chakula. Katika dharura ina nafasi yake. Ila haiponyi ukuta wa utumbo kwa kiwango cha kutegemewa, na haiwezi kumlinda mtu asirudiwe. Katika wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota, walifuatiliwa wagonjwa 74 wa Crohn tangu walipoanza steroidi kwa mara ya kwanza. Mwaka ulipotimia, asilimia 32 walikuwa bado na nafuu, 28 hawawezi kuiacha bila kuugua, na 38 wamekwisha kupasuliwa. Huku nyuma mifupa inapungua uzito, sukari inapanda, uso unavimba, kinga inashuka. Mgonjwa anayejinunulia mfululizo wa vidonge hivyo kila tumbo likisumbua anajiona anajitibu, na kwa hesabu ya hisia zake mwenyewe hajakosea. Jambo lile lile kwa upande wa pili ni diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu humezwa kwa mgongo, kwa kichwa, kwa hedhi, kwa uchovu wa shamba: zinatuliza maumivu na zinaweza kuamsha ugonjwa. Kwa mwenye Crohn parasetamoli ni salama zaidi.

Basi kama hisia hazitoshi, kitafutwe kitu cha kupimika. Kipimo cha kamera ndicho hakimu, lakini hakuna anayetaka kukifanya kila mwezi, na hakuna haja. Katikati kuna vipimo vyepesi: protini iitwayo CRP kwenye damu, wingi wa damu, na kalprotektini kwenye choo, ambayo ni protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zilizojikusanya utumboni. Jaribio la CALM, lililochapishwa mwaka 2017, liligawa wagonjwa 244 makundi mawili. Kundi moja dawa ziliongezwa kwa kufuata dalili kama desturi. La pili ziliongezwa pia pale CRP au kalprotektini zilipopanda, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Wote walipata dawa za aina moja. Baada ya wiki 48, utumbo ulikuwa umepona bila vidonda virefu kwa asilimia 46 ya waliofuatiliwa kwa vipimo, dhidi ya asilimia 30 ya waliofuatiliwa kwa dalili. Kilichotofautiana ni ishara iliyomfanya daktari achukue hatua.

Mwaka 2024 Uingereza ikaongeza lake. Katika jaribio la PROFILE, wagonjwa 386 waliogunduliwa karibuni waligawanywa: wengine wakapewa infliksimabu na dawa ya kushusha kinga tangu mwanzo, wengine wakapandishwa ngazi kadiri walivyorudiwa, kama ilivyozoeleka. Mwaka mmoja baadaye waliokaa na nafuu bila steroidi wala upasuaji walikuwa asilimia 79 katika kundi la kwanza na 15 katika la pili. Waliohitaji upasuaji wa tumbo walikuwa mmoja upande mmoja, 10 upande mwingine. Tofauti kubwa namna hiyo haionekani mara nyingi katika tiba.

Kuna anayeuliza, na anauliza kwa haki: je, kila mwenye Crohn ataharibikiwa? La. Takwimu za kutisha hutoka mara nyingi kwenye hospitali kubwa wanakopelekwa walioshindikana. Utafiti mashuhuri wa Paris wa mwaka 2002, wa wagonjwa 2,002, ulikadiria kwamba baada ya miaka 20 asilimia 12 tu hubaki na uvimbe usio na mbano wala fistula. Lakini Norway, walikofuatilia wagonjwa wa kawaida wa maeneo yao kwa miaka 10, asilimia 43 walieleza kwamba ugonjwa wao ulianza na kishindo ukapungua nguvu. Naziamini takwimu zote mbili, zinahesabu watu tofauti. Kinachofuata ni kwamba si kila mtu anahitaji dawa kali kuliko zote. Ila huwezi kumjua mwenye bahati ya Norway kwa kumwangalia usoni akiwa na nafuu. Utamjua kwa kupima. Mtu ambaye kalprotektini yake iko chini, damu haijapungua, uzito haushuki na kamera imeonyesha utumbo safi, huyo daktari anaweza kumpunguzia dawa akiwa na sababu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa upande wetu wa dunia: dawa zinazoshusha kinga katika nchi zenye kifua kikuu. Mwaka 2001, miaka mitatu baada ya infliksimabu kuruhusiwa Marekani, iliripotiwa idadi ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuitumia, wakiwemo wa Crohn, na zaidi ya nusu yao kilijitokeza nje ya mapafu. Hatari hiyo ni ya kweli. Tanzania na Kenya, ambako watu wengi wamebeba vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala, hakuna anayepaswa kuchomwa sindano ya kwanza kabla ya kuulizwa habari za kikohozi na za mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani, kupigwa picha ya kifua, na kufanyiwa kipimo cha ngozi au cha damu. Na kwenye orodha hiyo viongezwe virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B. Aliyebeba vijidudu vilivyolala hupewa kwanza dawa ya kuvizuia. Yote hayo hufanyika kwa utulivu mtu akiwa na nafuu, na hufanyika kwa papara akiwa amelazwa.

Kifua kikuu kina shari nyingine. Kinaweza kukaa utumboni chenyewe, tena kinapenda kipande kilekile cha mwisho cha utumbo mwembamba, kikaleta kukonda, homa za jioni, kuharisha na maumivu ya upande wa kulia. Crohn na wenzake iliwabidi kwanza waonyeshe kwamba wagonjwa wao 14 hawakuwa nacho. Hadi leo ni kitendawili hata kwa mabingwa. Vidonda vya kifua kikuu mara nyingi huzunguka utumbo kwa upana, vya Crohn hukimbia kwa urefu; kifua kikuu mara nyingi hushika eneo moja, Crohn huruka; maji tumboni huelekeza kwenye kifua kikuu, fistula za njia ya haja kubwa huelekeza kwenye Crohn. Hakuna alama hata moja isiyokosea, na maabara mara nyingi hukosa vijidudu hata pale vilipo. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi madaktari wengine huamua kumpa mgonjwa dawa za kifua kikuu kwanza, kisha warudishe kamera baada ya miezi miwili au mitatu waone kama vidonda vinafungika. Hapo ndipo kusikiliza tumbo kunaweza kuua: mgonjwa wa kifua kikuu akipewa prednisoloni kwa kudhaniwa ana Crohn, hujisikia vizuri kwa muda huku vijidudu vikisambaa. Na mgonjwa wa Crohn anayemaliza dozi nzima ya kifua kikuu akapata ahueni kidogo, jambo linalotokea, huruhusiwa aende nyumbani na jina lisilo lake. Kabla ya kufika hapo wengi wameshapita kwenye taifodi ya kipimo cha Widal, amiba, na vidonda vya tumbo, na kila dawa ilisaidia wiki mbili tatu.

Hilo la kusaidia wiki mbili tatu linajibu pia hoja ya mitishamba, ambayo siipuuzi. Atakuja mtu aseme: fulani alikunywa mlonge, au asali na habbat soda, akapona kabisa. Simshuku kwamba anasema uongo. Crohn hupanda na kushuka wenyewe. Mtu hutafuta dawa siku ugonjwa umefika kileleni, na baada ya kilele lazima kuna mteremko, kwa hiyo chochote kilichokuwa mkononi siku ile huchukua sifa. Wachambuzi waliounganisha majaribio mengi waliona kwamba hata waliopewa vidonge visivyo na dawa, karibu asilimia 18 walipata nafuu kamili kwa muda. Mganga anayetibu watu mia kwa maji ya bomba atapata mashahidi 18 wa kumtangaza, na wale 82 hawatapanda jukwaani. Dawa yoyote, ya hospitali au ya shamba, ipimwe kwa swali moja: ukuta wa utumbo ulionekanaje kabla, unaonekanaje sasa?

Chakula nacho hubebeshwa mzigo usio wake. Hakuna chakula kilichothibitishwa kuleta Crohn kwa mtu fulani wala kinachoufuta kwa watu wazima wote. Kwa watoto ipo njia iliyothibitika: kuwapa maziwa maalumu ya lishe peke yake, bila chakula kingine, kwa wiki 6 hadi 8, hutuliza ugonjwa sawa na steroidi na mtoto huendelea kukua. Kwa mtu mzima mengi hutegemea alichonacho. Mwenye mbano ana sababu ya kweli ya kuogopa makande, mahindi ya kuchoma, miwa, nyuzi za embe na nyama za chungwa, kwa sababu vitu hivyo hujisokota kwenye tundu jembamba. Afadhali maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, uji, ndizi za kupika, viazi, samaki. Asiye na mbano hana sababu ya kujinyima vyote hivyo, ila hujinyima, anakonda, na kukonda kwake kunahesabiwa kuwa ugonjwa umezidi. Wapo wanaoharisha kwa maziwa ambao tatizo lao ni sukari ya maziwa wasiyoimudu, kama watu wazima wengi wa Afrika wasio na Crohn. Aliyekatwa kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba apimwe vitamini B12, maana huko ndiko inakofyonzwa. Ukosefu wake hautoi sauti tumboni kabisa, unajitokeza kwenye damu na ganzi za miguu.

Gharama? Hapa jibu rahisi lingekuwa matusi. Dawa za kibayolojia kama infliksimabu ziko mbali na mkono wa familia nyingi, na bima nyingi hukwepa. Zimeanza kushuka: Ulaya iliruhusu dawa mfanano ya kwanza ya infliksimabu mwaka 2013, na za adalimumabu, dawa nyingine ya aina hiyo, zikaingia sokoni huko mwaka 2018, bei ikaporomoka. Lakini hoja ya kupima wakati wa nafuu haiishi pale pesa ya sindano inapoisha. Azathioprini na methotreksati ni dawa za zamani zisizo na mwenye hakimiliki, na zinahitaji kipimo cha damu na cha ini mara kwa mara, ambacho hospitali nyingi za mkoa hukifanya. Mizani ipo kila zahanati. Wingi wa damu unapimwa kila mahali, na damu inayopungua taratibu kwa mtu asiyeumwa ni habari. Kuacha sigara hakuna bei, na ni miongoni mwa hatua zenye faida kubwa kwa mvutaji mwenye Crohn. Asiyeweza kulipia kalprotektini kila miezi mitatu anaweza kuilipia mara moja kwa mwaka, au pale anapotaka kuacha dawa, ambapo ina thamani kuliko wakati mwingine wowote. Ghali zaidi ya yote hayo ni upasuaji wa dharura usiku, na watu huuchangia kwa kuuza ng'ombe.

Kuacha dawa ndilo jambo ambalo wagonjwa hulifanya bila kuuliza, na hapo pana utafiti wa kuwasaidia. Jaribio la SPARE la mwaka 2023 lilichukua wagonjwa 211 waliokuwa na nafuu kwenye dawa mbili kwa pamoja. Waliositishwa infliksimabu, asilimia 36 walirudiwa ndani ya miaka miwili. Walioendelea na zote, 14. Waliobaki na infliksimabu wakasitishwa ile nyingine, 10. Kwa hiyo mgonjwa anayesema dawa zimezidi anaweza kuwa na haki. Kosa lake ni kuchagua mwenyewe ipi iondoke. Mwanamke anayepata ujauzito hujikuta kwenye njia panda hiyohiyo, na shinikizo la nyumbani kwamba aache vidonge kwa ajili ya mtoto. Methotreksati lazima iachwe, tena miezi kabla ya kushika mimba. Dawa nyingine nyingi za Crohn huendelea, kwa kuwa mtoto hudhurika zaidi na ugonjwa uliolipuka kuliko na azathioprini, na wakati mzuri wa kubeba mimba ni baada ya miezi kadhaa ya utumbo uliotulia kwa vipimo.

Limebaki pingamizi ambalo naliona ndilo la maana kuliko yote, kwamba njia hii inamfanya mtu mzima kuwa mgonjwa wa kudumu, anayeishi kwa kuhesabu vipimo. Jibu lake liko kwenye nusu ya pili ya ushahidi ambayo wengi hawaisikii: kama tumbo linaweza kunyamaza likiwa na vidonda, linaweza pia kupiga kelele likiwa safi. Utumbo uliowahi kuvimba hubaki mwepesi kukasirika. Aliyekatwa kipande cha mwisho huharisha kwa sababu ya nyongo isiyofyonzwa inayomwagika kwenye utumbo mpana, na hutulia kwa kolestiramini. Mwingine huharisha kila anapokaribia safari, mtihani au kesi. Hawa wote, wakihukumiwa kwa dalili, huongezewa prednisoloni wasiyoihitaji. Mwenye kalprotektini ya chini mkononi anaweza kumeza loperamidi asubuhi, akapanda basi la Dodoma, akala chakula cha njiani anachokimudu, na daktari wake asibadilishe chochote. Na yule aliyepasuliwa Januari, anayejiona mzima kuliko miaka kumi iliyopita, aandikiwe kamera ya Julai kabla hajatoka wodini. Jaribio la POCER, lililofanywa Australia na New Zealand na kuchapishwa mwaka 2015, lilifanya hivyohivyo: wagonjwa waliopitishiwa kamera miezi sita baada ya upasuaji na kuongezewa dawa pale vidonda vilipoonekana, asilimia 49 walikuwa wamerudiwa na vidonda miezi 18 baada ya kisu. Ambao hawakupitishiwa walikuwa asilimia 67.